Steringi asiyekufa ana ushujaa gani?

KATIKA vibanda vya video vya Mwanjelwa, Mbeya, enzi zile za mikanda, palikuwa na kanuni moja ambayo hata mtoto asiye na kiingilio, anayechungulia kwenye tundu la gunia, aliijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka korongoni, atafungwa kamba na nyumba kuchomwa moto, lakini hafi. Anayekufa ni adui, tena dakika za mwisho. Tulibishana juu ya kila kitu isipokuwa hilo.

Leo mimi si mtazamaji wa kuhesabika. Naangalia picha ndani ya basi ninapokwenda Iringa, na mara mojamoja nyumbani vijana wanapoleta flashi. Lakini hata kwa kuangalia huko kwa kupita njia, naona kanuni ile imebadilika, na kwa maoni yangu imebadilika kwa ubaya. Siku hizi steringi anakufa. Anazikwa na watu wanalia. Kisha baada ya miaka kadhaa inatoka sehemu nyingine, na yeye yumo. Sasa hebu tujiulize, ndugu msomaji: mtu ambaye kifo chake kinaweza kutenguliwa akipatikana mnunuzi, alitoa nini hata tumwite shujaa?

Tuanze na Rambo, maana huyo kila mtu wa rika langu anamjua. Katika kitabu cha David Morrell cha mwaka 1972, kilichozaa picha ile, Rambo anakufa. Hata picha yenyewe ya mwaka 1982 ilipigwa na kifo chake. Watazamaji wa majaribio walipoonyeshwa hawakukipenda, kikaondolewa. Kwa kuondolewa kipande hicho kimoja zikapatikana picha nne nyingine: 1985, 1988, 2008 na 2019. (Ile ya 1988 ndiyo aliyokwenda Afghanistan kupigana bega kwa bega na mujahidina dhidi ya Warusi. Wakati huo Hollywood iliwaona mujahidina ni waungwana na wapigania haki. Baada ya mwaka 2001 picha ya namna hiyo isingepata mfadhili. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Angalia kilichopotea. Picha ya kwanza ilimhusu askari aliyerudi kutoka Vietnam akakuta nchi iliyomtuma kuua haimtaki. Ilikuwa ni onyo juu ya vita. Kufikia ya pili askari yuleyule amekuwa tangazo la vita. Waliomwokoa na kifo waliua alichokuwa anakisema.

Hao angalau walibadili mwisho kabla hatujaulipia. Wa siku hizi wanatuuzia mwisho, kisha wanaufuta. Katika Fast and Furious, yule Han tulimwona akifa kwenye picha ya mwaka 2006, mwaka 2021 akarudi akila vitafunio vyake kama kawaida. John Wick aliachwa kaburini mwishoni mwa picha ya nne, mwaka 2023. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba ya tano inaandaliwa, na mwenyewe Keanu Reeves yumo.

Wapo watakaonikumbusha filamu zetu wenyewe, jinsi hadithi moja ilivyokuwa inakatwa katikati na kuuzwa diski mbili, Part 1 na Part 2, hata kama haikuwa na urefu wa kujaza moja. Ni kweli, na ilikera. Lakini lile ni suala la mfuko. Mtu alikuuzia nusu, ukarudi dukani kununua nusu ya pili, hadithi ikaisha. Ninalolisema mimi halilipwi kwa kurudi dukani.

Lililonisukuma kuandika ni picha iitwayo Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024. Kabla yake, mwaka 2017, palikuwa na picha iitwayo Logan. Ndani yake huyu Wolverine, mzee na mgonjwa, anakufa akimlinda binti mdogo. Binti anamlilia kaburini, na wengi walilia naye. Sasa picha ya 2024 inaanza kwa mwenzake kulifukua kaburi lile. Anakuta mifupa. Anaichukua na kuwapiga nayo watu waliokuja kumkamata, muziki unachezwa, watazamaji wanacheka. Kisha analetwa Wolverine mwingine, wa ulimwengu mwingine, sura ileile. Picha hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Matusi yaliyojaa humo siyasemi, maana hata bila matusi ningeuliza swali hilihili.

Niliiona Iringa, nyumbani kwa dada yangu kule Kihesa. Mpwa wangu wa miaka 12 alikwishaipata kwenye flashi ya rafiki yake kabla mama yake hajajua. Mwezi mmoja nyuma mtoto huyohuyo alikuwa ameshika koleo kwenye maziko ya babu yake. Nikamuuliza, wangefanya hivi kwa mifupa ya babu? Akanitazama kama mtu asiyeelewa picha. "Mjomba, huyu hajafa kweli. Huyu ana nyingine inakuja."

Sikumkemea, kwa sababu kwa mantiki ya picha yuko sahihi. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba jibu hilo linamfuta hata yule binti aliyelia mwaka 2017. Kumbe alilia bure. Na aliyejitoa hakujitoa, alikopesha.

Kesho yake nilimpeleka Kalenga, kilomita chache tu kutoka mjini. Watu wa Iringa hawahitaji kuelezwa mifupa ya marehemu ni nini. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na kama ingekuwa ni picha, hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ilikuja mwaka 1894, ngome yake ya Kalenga ilipovunjwa. Akapigana porini hadi 1898, akajiua kwa bunduki asikamatwe. (Hukumu ya kujiua kila Muislamu anaijua, siingii huko.) Wakamkata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Dai la fuvu lile liliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Miaka 56 watu walidai mfupa, wakijua kabisa kwamba mwenyewe harudi.

Mpwa wangu alilitazama fuvu kwenye kioo kwa muda mrefu. Hakucheka.

Najua nitaambiwa kwamba hadithi ni hadithi, na kwamba hata Sungura wa bibi zetu hafi. Leo analiwa na Simba, kesho yuko kisimani. Sikubali kwamba ni sawa. Bibi hakutuambia tumlilie Sungura. Kila usiku ilikuwa hadithi mpya, na Sungura hakudai chochote kwetu zaidi ya kicheko. Hawa wa sasa walitutaka machozi na tukayatoa. Machozi nayo ni malipo. Ukishayachukua huna haki ya kusema kwamba bidhaa haikuwapo.

Wala tusiwatupie mzigo wote watengenezaji. Kifo cha Rambo kilikataliwa na watazamaji, na bilioni ile haikutoka mifukoni mwa wenye kampuni.

Isitoshe, inawezekana kufanya vingine. Chadwick Boseman, aliyecheza kama mfalme T'Challa katika Black Panther, alifariki dunia Agosti 2020 kwa saratani. Kampuni ingeweza kuweka mtu mwingine avae nguo zake. Mwongozaji, Ryan Coogler, hakutaka. Wakanda Forever ya mwaka 2022 inaanza na msiba: mfalme amekufa kwa maradhi, watu wamevaa nyeupe, jeneza linabebwa. Kisha picha nzima inashughulika na dada yake, aliyebaki na hasira, anayetaka kulipiza kisasi na hajui afanye nini na mtu ambaye hatarudi. Ina kasoro zake, ni ndefu mno na vita vya majini vimezidi. Lakini marehemu wamemwacha amekufa. Mwishoni anatokea mtoto mdogo ambaye shangazi yake hakujua kama yupo. Anaulizwa jina lake. Amepewa la baba yake.