Kantini Chini ya Bwawa

Septemba 2018, wakaguzi wa kampuni ya TÜV SÜD walitia saini kuthibitisha kwamba bwawa B1 la mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão, karibu na Brumadinho nchini Brazil, lilikuwa imara. Hesabu zao ziliwapa kiwango cha usalama cha 1.09. Jopo la wataalamu lilikwisha kupendekeza kisipungue 1.3. Kampuni iliyokuwa na kazi hiyo kabla yao iligoma kusaini, ikawekwa kando. Aliyezilipa kampuni zote mbili ni mwenye bwawa, kampuni ya Vale.

Bwawa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1976 kwa njia ya bei rahisi: kila tope la mabaki ya mgodi lilipojaa, tuta jipya lilipandishwa juu ya tope lilelile, kama mtu anayepanga matofali juu ya uji uliopoa. Likafika mita 86. Tope jipya lilikoma kuingizwa mwaka 2016, lakini maji yalibaki ndani.

Kinachonikera zaidi si ile 1.09. Ni kantini. Mpango wa dharura wa Vale wenyewe ulionyesha kwamba bwawa likipasuka, tope lingeifikia kantini ya wafanyakazi pamoja na ofisi. Mpango uliandikwa, ukahifadhiwa kama sheria inavyotaka. Kantini haikuhamishwa. Tarehe 25 Januari 2019, saa sita na nusu mchana, watu wakiwa kwenye chakula, ukuta ulibomoka. Ving'ora havikulia. Walikufa watu 270.

Na hawakukosa onyo. Novemba 2015, katika jimbo hilohilo la Minas Gerais, bwawa la Samarco, kampuni ambayo Vale ni mbia wake, lilipasuka karibu na Mariana na kuua watu 19.

Kwetu Tanzania, ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka Novemba 2022, tope likaingia kwenye nyumba na mashamba ya watu. Na hapa pia, kama kule Brazil, mkaguliwa ndiye mlipaji: mtaalamu anayeandaa tathmini ya athari kwa mazingira huajiriwa na mwekezaji mwenyewe. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akioneshwa cheti cha bwawa la mgodi, aombe na ramani ya tope: bwawa likipasuka leo tope linafika wapi, kwa dakika ngapi, na nani analala hapo. Kisha aulize wanahamishwa lini.