Alama ni Ushahidi, Si Hukumu

Mtihani wa SAT, ambao vyuo vya Marekani huutumia kuchuja waombaji, ulizaliwa na doa. Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Princeton aliyeuandaa mwaka 1926, alikuwa ameshachapisha kitabu kilichodai kuwa baadhi ya jamii huzaliwa na akili zaidi kuliko nyingine. Mwaka 1930 aliikana hoja hiyo, lakini mtihani ukabaki. Wanaoupinga leo wana la kusema: watoto wa matajiri wamesoma shule bora, wana walimu wa tuisheni, na alama zao kwa wastani ziko juu. Kumpima kila mtu kwa kipimo kimoja, wanasema, ni kuibariki dhuluma iliyokwisha kutendeka. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali nusu yake.

Nusu nisiyoikubali ni kudhani kwamba mtihani ukiondoka, dhuluma nayo itaondoka. Mwaka 2023 mwanauchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha kuwa, kati ya wanafunzi wenye alama zilezile, watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri kabisa walikuwa na nafasi zaidi ya maradufu ya kusoma vyuo vya kifahari kuliko watoto wa tabaka la kati. Kilichowabeba zaidi ni upendeleo kwa watoto wa wahitimu, michezo, na sifa zisizo za darasani. Insha ya kuombea chuo nayo hunolewa na mshauri wa kulipwa. Chuo cha Dartmouth, kilipowapa waombaji hiari ya kutowasilisha alama, kiligundua kuwa baadhi ya wanafunzi wa familia duni walizificha alama ambazo zingewafaa: zilikuwa ndogo kwa chuo, lakini kubwa mno kwa shule walizotoka. Mwaka 2024 kikatangaza kuurudisha mtihani.

Mwanafalsafa John Rawls alifundisha kwamba hakuna anayestahili kwa jasho lake nyumba aliyozaliwa wala kipaji alichojaliwa. Ikiwa ni hivyo, nafasi ya chuo si tuzo ya mshindi. Ni amana, na alama ni ushahidi wa nani anaweza kuibeba. Alama 1400 za binti ambaye shule yake haina mwalimu wa fizikia zinashuhudia mengi kuliko 1400 za aliyefundishwa kila jioni. Mtu atasema kusoma alama hivyo kunampa mdahili mwanya wa kupendelea. Mwanya huo upo hata sasa, na bila mtihani ni mpana zaidi: namba ikiwa kwenye faili, anayemkataa binti huyo atalazimika kueleza kwa nini.