Sifa na Uji

Je, kumsifu mgonjwa kwa ushujaa wake ni kumsaidia, au ni kumtwika mzigo wa pili? Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani wa Unguja na Pemba wamevuka bahari kufuata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Tiba hiyo aghalabu hutolewa kidogo kidogo, siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa, na uchovu huzidi kadiri siku zisongavyo. Hapo ndipo jamaa humwambia mgonjwa kuwa yeye ni jasiri. Neno ni jema. Lakini aliyekwisha kuitwa jasiri huona haya kulia. Huyaficha maumivu asije akawavunja moyo wanaomsifu, na maumivu yaliyofichwa tabibu hawezi kuyatuliza. Wahenga walinena: mgonjwa haulizwi uji. Basi na sifa ya kweli hutangulia kwa kitendo: humsindikiza mgonjwa baharini, humngoja nje ya chumba cha mionzi, na humwachia nafasi ya kulalama. Aliaye mbele ya wampendao hajapungukiwa na ushujaa, amewaamini.