Kuunganisha Wakfu: Mikono au Mali?

Wako miongoni mwa ndugu zetu wa Ramisi wanaouliza: wakfu ndogo ndogo, hii minazi ya mafuta ya taa za msikiti, ile shamba la madrasa, nyingine kisima, je, yafaa ziwe wakfu moja mbele ya sheria?

Sababu ya swali twaijua. Shamba huandikwa kwa jina la msimamizi. Akifa, wanawe hulihesabu katika urithi, pengine hata pasipo nia mbaya. Wadhamini wakiandikishwa kuwa mwili mmoja, kama sheria ya Kenya inavyoruhusu, mwili huo haufi wala hauachi warithi. Anayelikataa jambo hili kwa kuwa latoka serikalini tu hajatoa hoja.

Lakini kuunganisha mikono ni kitu kimoja, na kuunganisha mali ni kingine. Wasimamizi wamoja na hati moja, twaona ni sawa. Ama kutia pato lote katika mfuko mmoja, kisha kamati ikaamua ipendavyo, huko ni kumsemea maiti. Sayyidna Umar alipomtaka shauri Mtume (s.a.w.) juu ya ardhi yake ya Khaibar, alielekezwa aizuie asili na atoe matunda sadaka, naye akawataja wenye kupewa, wakiwamo mafakiri, jamaa na wasafiri. Kuwataja kuna maana gani ikiwa kila ajaye aweza kuwageuza?

Sisi tu Mashafi, na Imamu Nawawi katika Minhaj ameshika hapa kwa nguvu: msikiti uliobomoka usiwezekane kujengwa tena hauuzwi kwa hali yoyote, ingawa mikeka yake iliyochakaa yaweza kuuzwa. Mahanbali wamelegeza zaidi pale manufaa yanapokatika. Na sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iliruhusu ziada itumike katika kheri nyingine za Waislamu. Ziada, si asili! Kisima kinachongoja kamba na ndoo hakina ziada ya kununulia mazulia.

Hatusemi watu wagande. Minazi ya mafuta ya taa na ilipe umeme, kwani muradi wa marehemu ulikuwa mwanga. Tunachokihofia ni sadaka ya bibi mwenye minazi mitano kumezwa na ya tajiri, hata asikumbukwe aliitaka nini.

Basi hati na iwe moja, na ndani yake kila wakfu ipewe ukurasa wake: jina la aliyeiweka, mipaka, sharti, pato, na lilikokwenda. Kila mwaka hesabu isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na watumiao kisima wasikie habari ya kisima chao.