Je, Ndege Ni Hoja ya Baba juu ya Mwanawe?

Siku moja baada ya darasa letu la alasiri mzee mmoja katika jamaa zetu aliinuka kumnasihi kijana aliyekuwapo. Kijana huyu ana miaka 29, ana kazi bandarini, na amekwisha posa; mwaka wa tatu huu. Lakini kila akitaja harusi babake humwambia angoje, kwani wako ndugu zake watano wangali wakisoma, na nyumba haijaezekwa. Mzee akamwambia: "Mwanangu, hata ndege hawawaachi wazee wao. Wako ndege wamekwisha pevuka, lakini hawatagi wala hawajengi, wakaa kwa baba zao wakiwalisha wadogo zao. Wewe mwana wa Adamu washindwa na ndege?" Waliokuwapo wakatikisa vichwa kuridhia, na kijana akainama asijibu.

Nasi pia tuliridhia wakati ule. Lakini tulipofika nyumbani neno lile halikututoka moyoni. Je, ni kweli? Na likiwa ni kweli, lamlazimu nini kijana? Haya ni maswali mawili, na watu wengi huyachanganya yakawa moja. Basi tukamwendea mwalimu anayesomesha ilimu ya viumbe, naye kwa hisani yake akatusomea na kutufasiria yaliyoandikwa na wataalamu.

Ama katika swali la kwanza, mzee amesema kweli, na ushahidi wake hautoki mbali. Huko Nakuru, katika Bonde la Ufa, yuko ndege mmoja katika jamii ya keremkerem, mla nyuki, mwenye paji jeupe na koo jekundu. Ndege hawa hukaa wengi pamoja, huchimba vishimo virefu kiasi cha mita moja katika kingo za udongo zilizosimama wima kama ukuta, na humo hutaga. Mtaalamu wa Kimarekani, Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, na mwenziwe Peter Wrege, waliwatazama miaka mingi tangu miaka ya 1970, kila ndege ametiwa alama ajulikane ni nani na ni mwana wa nani. Wakaona kuwa kiasi cha nusu ya viota vina wasaidizi: ndege wazima, wasiotaga mwaka ule, wanaosaidia kuchimba, kumlisha jike anayeatamia, na kuwaletea makinda chakula. Wala hausaidiwi mtu yeyote tu. Msaidizi huchagua aliye karibu naye kwa nasaba. Na msaada huo si mchezo, kwani makinda mengi hufa kwa njaa, na msaidizi mmoja tu huweza kukaribia kuyafanya yanayookoka kuwa maradufu.

Hapa ndipo mzee alipokomea. Lakini habari haikukomea hapa.

Katika mwaka 1992 wataalamu hao wawili walieleza katika gazeti la ilimu liitwalo Nature namna baadhi ya wasaidizi hao wanavyopatikana. Kijana dume amekwisha pata mwenzi, kishimo chake amekichimba, na mkewe yu karibu kutaga. Hapo ndipo mzee wa jamaa yake anapomjia. Humfukuza. Hujitia baina yake na mkewe anapotaka kumpa chakula. Hukaa mlangoni mwa kishimo wasiweze kuingia. Hufanya hivyo tena na tena, hata kijana akachoka, akakiacha kiota chake, akarejea kuwalisha watoto wa yule aliyemsumbua. Na anayefaulu zaidi katika kazi hii ni baba kwa mwanawe. Wala mwana hapigani sana.

Tuliposomewa haya tulinyamaza kitambo. Kwani akitaka mtu kumfanya ndege kuwa hoja, hana budi amchukue ndege mzima. Hawezi kuchukua mdomo uliobeba nyuki akaacha mdomo ule ule unaomfukuza mwana mlangoni pake.

Huenda mwingine akasema: "Na iwe hivyo, hata hilo ni dalili ya haki ya baba." Tutamjibu kwa hesabu ya wataalamu wenyewe. Mwingereza W. D. Hamilton alieleza mwaka 1964 kuwa kiumbe aweza kueneza urithi wa damu yake kwa njia mbili: kwa kuzaa, au kwa kuwasaidia jamaa zake wazae. Mtoto hushirikiana na mzazi wake nusu ya urithi huo, na ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana nusu vile vile. Basi yule dume kijana, akiwalea ndugu zake badala ya wanawe, hesabu yake haipungui sana, hasa kwa kuwa kiota chake mwenyewe kisichokuwa na msaidizi kingetoa makinda machache. Ndiyo maana hapigani.

Lakini yuko wa tatu katika jambo hili, naye hesabu hii haimfai kitu: yule jike. Yeye ametoka jamaa nyingine. Watoto wa baba mkwe si ndugu zake, wala hana nusu wala robo kwao. Kiota kikivunjwa, mume amebaki na wadogo zake wa kulisha, na yeye amebaki na nini? Wataalamu hao wameona kuwa jike aliyeingia katika jamaa ya mumewe kwa kawaida hawalishi makinda ya wakwe zake, na sisi hatuoni la kumlaumu.

Tukakumbuka siku ile barazani. Watu kiasi cha ishirini tulikuwapo, tukazungumza juu ya baba na haki yake, juu ya ndugu na karo zao, juu ya paa la nyumba. Binti aliyeposwa, anayengoja mwaka wa tatu kwao akiulizwa na kila mgeni, hapana aliyemtaja. Hata sisi hatukumtaja.

Wala tusiwadhulumu wanyama tukadhani kwamba msaada wao wote ni wa namna hii. Huko Laikipia, penye kituo cha utafiti cha Mpala, kwezi wenye migongo ya samawati inayong'aa wametazamwa tangu mwaka 2002 na Dustin Rubenstein na wenziwe. Na katika mwaka 2025 ilitangazwa kuwa ndege hao husaidia jamaa zao zaidi, lakini husaidia pia wasiokuwa na nasaba nao, na baada ya miaka aliyesaidiwa huja akamsaidia aliyemsaidia. Na katika nyika ya Taru, tunayoipita sote tukienda Voi, Bibi Anne Rasa aliwaona nguchiro wadogo wakipunguza mwendo wao wa kila siku kwa ajili ya mwenzao aliyeumia, wakikaa naye. Wako pia fuko wasio na manyoya, ambao katika kundi zima jike mmoja ndiye azaaye na wengine humtumikia. Lakini hao twawaacha, hawana la kumwambia kijana wetu.

Turudi kwenye swali la pili. Haki ya wazazi kwetu haina mjadala, na kijana asiyejali ndugu zake wanaokaa na njaa hatumtetei. Lakini wema wa msaada watokana na niya, na niya haiwezi kuwapo pasipo hiari. Keremkerem hana ulimi wa kumwuliza mwanawe, "Waweza kuningoja mwaka mmoja?" Baba wa kijana anao. Angeuliza, akataja muda, akamtuma mtu kwa wazazi wa binti kuwataka radhi, kijana angekuwa msaidizi. Asipouliza, akasema ngoja tu kila mwaka, basi amekaa mlangoni mwa kishimo.

Haya tunayasema tukijua kuwa sisi wenyewe tumekula katika mkono wa namna hiyo. Tulipokuwa tukisoma kwa masheikh, miaka minane, gharama zetu zilitoka kwa kaka yetu mkubwa aliyekuwa akiuza samaki. Yeye alioa akiwa na miaka 38. Tulikuwa tukimsifu kila tulipomtaja, na hatukupata kumwuliza kama alipenda.

Baada ya kusomewa habari za ndege hawa tulimwendea, tukamwuliza. Alikuwa akisafisha nyavu, na mjukuu wake ameketi kando. Alituangalia, akacheka kidogo, akasema: "Baba hakuniuliza, na wewe ulikuwa mtoto. Yuko mtu nilimtaka wakati ule, aliolewa Lamu." Kisha akatuagiza tumshikie ncha ya wavu, tukamshikia mpaka magharibi.