Amana ya Mwenye Kusoma

Swali la kwamba maana imo ndani ya maandishi yenyewe, au imo katika mapatano baina ya aliyeandika na anayesoma, ni la tangu kale, na wanazuoni wa dini zenye vitabu wamelijadili kwa heshima na kwa hofu, kwa kuwa walitambua ya kwamba mtu aweza kulishika neno la kweli mkononi mwake na bado akatoka na uwongo. Nataka kulitazama swali hilo kwa njia ambayo wazee wetu hawakuidhania, yaani kwa kulifungua faili moja la kompyuta ambamo nchi ya Kilosa imeandikwa, vilima na mabonde yake, wala ndani yake hamna hata neno moja.

Mwezi wa Februari mwaka 2000 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa muda wa siku 11, kikipima kwa rada mwinuko wa nchi kavu iliyo baina ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Vipimo hivyo viligawanywa katika miraba ya digrii moja kwa digrii moja, na kila mraba ukapewa jina la pembe yake ya kusini-magharibi. Hivyo mji wa Kilosa umo katika faili liitwalo S07E036, mji wa Mikumi umo katika S08E036, na msafiri aendaye Morogoro kwa barabara kuu, akikatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na uwanda wa Mkata, huingia katika S08E037 bila kujua kwamba amevuka mpaka wowote. Vipimo vya ndani zaidi, vya nukta moja kila mita 30 hivi, viliporuhusiwa kwa walimwengu wote mwaka 2014, Afrika ndiyo iliyotangulizwa. Faili moja la namna hiyo lina safu 3,601, na kila safu ina namba 3,601, na kila namba ina baiti mbili, jumla baiti 25,934,402. Hamna dibaji. Hamna jina la mto wala la kijiji, wala haikuandikwa humo kwamba kipimo ni mita; yote hayo msomaji sharti ayapokee kwa mwingine kabla hajafungua.

Tutazame mfano kwa karibu. Mwinuko wa mita 490, ambao ndio kadiri ya Kilosa mjini, hauwezi kuingia katika baiti moja, maana baiti moja haibebi zaidi ya 255. Basi huandikwa kwa baiti mbili, 1 na 234, ya kwanza ikihesabiwa mara 256 na ya pili ikiongezwa juu yake. Waliotengeneza mafaili haya walitanguliza baiti yenye uzito mkubwa, lakini kompyuta nyingi za leo hutanguliza yenye uzito mdogo, nazo zisipoambiwa vinginevyo huzisoma baiti zile zile kuwa 234 mara 256 na moja juu yake, yaani 59,905, na kwa kuwa namba za faili hili zaweza kuwa hasi, hesabu hiyo hugeuka kuwa 5,631 chini ya sufuri. Hapo mji wa Kilosa, na stesheni yake ya reli ya kati, na Mto Mkondoa unaoupitia, vyote vimezama zaidi ya kilomita tano na nusu chini ya usawa wa bahari, ilhali hakuna baiti hata moja iliyobadilika, wala kuharibika, wala kupotea.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani, ambao kwa karne nyingi waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu ziendazo kutoka kulia, na waliojua kwamba herufi moja katika hati ile yaweza kusimama kwa sauti zaidi ya moja, hata asiyekuwa na lugha yenyewe kifuani mwake asiweze kuusoma utenzi ingawa alifundishwa herufi zote. Mwanazuoni wa kompyuta Danny Cohen, alipoandika mwaka 1980 juu ya ikhtilafu ya mpangilio wa baiti, aliwapa wagomvi wa pande mbili majina kutoka kitabu cha Jonathan Swift, cha safari za Gulliver, ambamo mataifa mawili yanapigana kwa sababu ya upande wa yai unaostahili kuvunjwa kwanza. Na makala yake akaiita ya vita vitakatifu na ombi la amani. Aliona kwamba kupatana ni jambo kubwa kuliko mpangilio utakaochaguliwa, na katika hilo nakubaliana naye kabisa.

Lakini sikubaliani na wale wanaochukua hoja hiyo na kuivusha mpaka, wakanena kwamba basi maana yote ni mapatano, na kwamba kila msomaji ana haki na kilima chake. Msomaji aliyepata 5,631 chini ya sufuri hakupata maana nyingine; amekosa, na ajabu ni kwamba hahitaji kumwuliza mwandishi ili ajue kwamba amekosa, kwa kuwa watu wa Kilosa wanakaa pale juu ya nchi kavu, wanalima na kupanda treni, na maisha yao yanamkadhibisha. Baina ya mwandishi na msomaji yuko shahidi wa tatu, naye ni kile kitu kilichoumbwa ambacho maandishi yanakihusu. Mapatano ndiyo yanayofanya kusoma kuwezekane, lakini si mapatano yaliyoviinua vilima vya Rubeho. Mwenye kuamini kwamba ulimwengu una Muumba wake hataliona hili kuwa geni, na asiyeamini naye hawezi kulikwepa.

Ziko nukta, hata hivyo, ambazo shahidi huyo hakusikika. Rada haikupata jibu katika baadhi ya mabonde yenye miteremko mikali, wala juu ya baadhi ya maji yaliyotulia, na walioandika, badala ya kubuni, waliweka mahali hapo namba 32,768 chini ya sufuri, mwinuko usiopatikana popote duniani, ili kila asomaye aelewe kwamba hapa hapakupimwa. Nauona huu kuwa uaminifu wa daraja ya juu, wa jamii moja na desturi ya wanazuoni wetu ya kumaliza fatwa kwa kukiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lakini ungamo hilo ni dhaifu sana mikononi mwa msomaji mzembe. Baiti zake ni 128 na 0. Ukizisoma kinyume hupati tena namba ya ajabu, bali unapata 128, mwinuko wa kawaida kabisa, hata katika ukurasa mzima uliopinduka ambapo miji imezama baharini, namba inayoonekana kuwa na akili timamu ni ile isiyokuwa na habari yoyote. Na hata ukizisoma sawasawa, lakini ukalitia ungamo hilo katika wastani kana kwamba ni kipimo, basi nukta 99 za mita 490 pamoja na moja isiyopimwa zitakupa mita 157. Kosa linalopiga kelele huacha njia ya toba. Hili la kuigeuza kauli ya “sijui” kuwa habari halijitangazi, nami nalihesabu kuwa ndilo zito kuliko yote. Matoleo ya baadaye yalijaza mapengo mengi kwa vipimo vya vyombo vingine, na pamoja nayo likatolewa faili la pili linaloonyesha kila nukta imetoka wapi, kama vile wapokezi wa hadithi walivyolazimishwa kuitaja isnadi yao.

Namna ya kufungua nayo ina adabu yake, na hapa wengi hupita upesi mno. Faili la namna hii likifunguliwa kama kwamba ni maandishi ya kawaida, programu ya lugha ya C katika kompyuta ya Windows huihesabu baiti 26 kuwa alama ya mwisho wa maandishi. Na mwinuko wa mita 538, usio nadra katika nchi iliyo kando ya Mikumi, huandikwa kwa baiti 2 na 26. Msomaji hufika kwenye kilima hicho, akaambiwa kwamba dunia imekwisha, akafunga faili kwa moyo mweupe. Herufi b, ikitiwa baada ya r, iliyo alama ya kusoma, wakati wa kufungua, huondoa balaa hilo. Na aliyeandika w, iliyo alama ya kuandika, badala ya r, akidhani kwamba kufungua ni kufungua tu, atalikuta faili lake halina hata baiti moja, maana kompyuta huyafuta yaliyomo kabla ya kungoja neno jipya, wala haimwulizi mara ya pili.

Haya si mambo ya kupitishia wakati. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafurika Kilosa, ukakata reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Na atakaye kujua leo maji yatashukia wapi kabla hayajashuka, mara nyingi huanza kwa mafaili haya haya ya mwinuko. Namba aliyoisoma vibaya huenda ikawa ndiyo mahali patakapojengwa nyumba ya mtu.

Kwa hiyo nawasihi walimu na vijana wa Kilosa na Mikumi wanaojifunza kazi hii: lifungueni faili kwa kusoma tu, tena kwa baiti; hesabuni baiti zake kabla ya kuamini lolote; usomaji wenu upimeni kwa kilima mnachokijua kwa miguu yenu; na kila mnapoikuta 32,768 chini ya sufuri, iacheni wazi katika ramani yenu, na aliye juu yenu akiwauliza habari za mahali hapo, mwambieni kwamba hapakupimwa.