Moyo Ulioinama Baada ya Kupasuliwa

Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Tumepewa nafasi tena katika kurasa hizi, nasi twapenda kusema juu ya jambo ambalo watu wengi wa Kintinku hulificha. Ni ile huzuni na hofu inayompata mtu aliyepasuliwa hospitali chini ya dawa ya usingizi, ile ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la nusukaputi. Kidonda kinapona, lakini moyo unabaki umeinama. Mtu huona haya kulisema, kwa kuwa wote wanamwambia ashukuru.

Mwaka juzi mwenzetu wa nyumbani alipasuliwa katika hospitali moja, akaondolewa uvimbe tumboni. Kazi ilikwenda vizuri. Tuliporudi nyumbani majirani walitupokea kwa kuku na mchele, na Jumapili tukatoa sadaka ya shukrani mbele ya kanisa. Lakini yule aliyeombewa shukrani hakuwa na furaha. Usiku hakupata usingizi. Treni ya mizigo ilipopita alishtuka, moyo ukamwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Mchana alikaa mlangoni akiutazama uji mpaka unapoa. Alilia, na alipoulizwa analilia nini hakuweza kusema. Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema roho yake haijarudi yote kutoka kwenye ule usingizi.

Nasi tulikosa kuliko majirani. Sisi tuliofundisha watoto kwa miaka zaidi ya thelathini, tena mzee wa kanisa, tulimsimamia kama mwanafunzi mtoro. Tukamwambia, "Mama, Mungu amekuponya, nawe unalia kila siku? Huku ni kukosa shukrani. Omba!" Akanyamaza. Tukadhani amesikia. Kumbe alikuwa ameona kwamba hana mtu wa kumwambia. Usiku wa tatu baada ya maneno yale alisema polepole gizani, "Mwalimu, afadhali nisingeamka kule."

Hatukulala. Tuliwasha taa, tukafungua Biblia tukitafuta neno la kumwonya. Tukafika kwa nabii Eliya, na tulioonywa tukawa sisi.

Mwajua habari zake. Pale Karmeli moto ulishuka, watu wakamkiri Mungu, na baada ya ukame mrefu mvua ikanyesha. Ilikuwa siku ya ushindi. Mara baada ya ushindi huo, Yezebeli akatuma neno la kumtisha, na nguvu zote za Eliya zikamwishia. Alikimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi peke yake chini ya mti akaomba afe. Huyu hakuwa mtu asiye na imani. Hatari kubwa ilikuwa imepita na mwili ulikuwa umechoka. Hapo ndipo moyo ulipoanguka. Mgonjwa wetu naye alijikaza mpaka siku ya kupasuliwa. Ilipokwisha vita, ndipo alipotetemeka.

Sasa tuangalie Mungu alimtendea nini.

Kwanza, hakumkaripia. Tulisoma sura ile mara mbili tukitafuta kemeo chini ya ule mti, hatukuliona. Eliya aliomba kufa, na Mungu hakumwambia kwamba amekosa shukrani.

Pili, alianza na mwili. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakuchoka, akaja mara ya pili na chakula kile kile, akamwambia kwamba safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Mahubiri hayakuwapo bado. Palikuwa na usingizi, mkate, maji, na mkono wa kumgusa.

Tatu, alimsikiliza. Kule Horebu Mungu alimwuliza anafanya nini pale. Eliya akamwaga uchungu wake wote. Akaulizwa tena, akarudia maneno yale yale, wala Mungu hakumkatiza kwa kusema, "Hayo umekwisha kuyasema." Kisha akampa Elisha awe mwenzake, akamjulisha kwamba wako elfu saba wengine. Mtu aliyejiona yu peke yake akaonyeshwa kuwa hayuko peke yake.

Asubuhi tulimwomba mwenzetu msamaha, na juma lile tukarudi naye kwa daktari. Safari hii tulimweleza juu ya moyo pia, si juu ya mshono tu. Daktari hakushangaa. Alisema jambo hili hutokea kwa wengi. Dawa nyingi za usingizi hutoka mwilini kwa saa au siku chache, ila si dawa hiyo peke yake inayouchosha moyo. Kuna kidonda, maumivu, damu iliyopotea, usiku usio na usingizi, chakula kidogo, hofu ya kufa aliyoingia nayo mtu chumba cha upasuaji, na kukaa bure huku shamba likimngoja. Hayo yote yakikutana huuinamisha moyo. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna roho iliyosahauliwa mezani.

Wala mtu asichukie dawa hiyo kwa sababu ya haya tuliyosema. Kabla ya mwaka 1846, watu walipasuliwa huku wamekamatwa na wenye nguvu. Mwaka ule, huko Boston Marekani, mgonjwa alipewa etha mbele ya madaktari, akapasuliwa uvimbe wa shingoni. Mwaka 1847 daktari Simpson wa Edinburgh alipoanza kutumia klorofomu, wako waliompinga kwa ajili ya dini. Akawajibu kwamba Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kumtwaa ubavu. Usingizi ule ni zawadi. Lakini Adamu alipoamka alimkuta mwenzake. Mgonjwa wetu naye akiamka, amkute nani?

Kwa hiyo twawasihi wenye wagonjwa nyumbani. Mpeni uji na maziwa kidogo kidogo, mara nyingi. Mpunguzieni wageni ili alale. Mtembezeni polepole kadiri daktari alivyoruhusu. Msimhesabie siku na kumwuliza kwa nini hajapona. Ombeni pamoja naye kwa maneno machache, na akitaka kulia, alie. Mfalme Hezekia naye alilia alipougua, na Isaya aliyemletea neno la Mungu ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa vilikwenda pamoja.

Kwa wengi giza hili hupungua baada ya siku au majuma machache. Lakini likizidi majuma mawili bila kupungua, mrudisheni hospitali. Akisema anataka kufa, msingoje hata siku moja, wala msimwache peke yake. Mzee akianza ghafla kuchanganyikiwa, hajui alipo wala nani yuko mbele yake, au mgonjwa akipata homa au mshono ukitoa usaha, hiyo ni haraka. Hospitali ya kanisa iko hapo juu Kilimatinde. Na daktari akiwatuma Mirembe kule Dodoma, nendeni. Tumelifanya jina la Mirembe kuwa tusi la watoto barabarani. Tulikome. Ni nyumba ya kutibia wagonjwa kama nyumba nyingine za wagonjwa.

Mwenzetu alipewa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Mama mmoja wa kanisa, aliyepasuliwa miaka ya nyuma, alikuja akaketi naye akamwambia, "Hata mimi." Maneno hayo mawili yalimsaidia kuliko mahubiri yetu yote. Mwezi wa tatu alianza kuchambua mboga huku akiimba. Hofu humrudia usiku mmoja mmoja, naye sasa hutuamsha, nasi twawasha taa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya alipokuwa amechoka kuishi, wakumbuke waliopasuliwa na mioyo yao imeinama. Wape usingizi, chakula, na mtu wa kuketi nao. Utusamehe sisi tuliowakemea. Utufanye kuwa mkono wa kuwagusa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.